Udongo wa nepenthesi: samadi hapana

Ndugu, umeuliza kama nepenthesi yako, ule mmea unaonasa wadudu, ikae kwenye udongo wa bustani wenye samadi, hapana kabisa, mizizi itaungua maana huo mmea chakula unapata kwa wadudu wanaozama kwenye vile vikombe vyake. Chukua makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, yaloweke maji ya mvua siku kadhaa huku unamwaga na kubadilisha, hasa haya ya pwani ambayo mengine yalifukiwa baharini yanakuwa na chumvi balaa, tafadhali hiyo hatua usiiruke. Halafu changanya nusu kwa nusu na perlaiti, vile vijiwe vyeupe vyepesi, ukipata sfagnamu, mimea laini ya kinamasi iliyokaushwa, ongeza konzi moja mbili. Chungu kiwe na matundu, maji yapite yasituame. Na maji ya kisima achana nayo, kinga maji ya mvua.