Shì ni ipi? Namna ya kujifunza maneno ya Kichina yanayofanana sauti

Maneno yanayofanana sauti si mageni kwetu. "Kaa" ni wa baharini, ni la moto, ni kuketi. "Paa" ni mnyama, ni la nyumba, ni kuruka angani, na ni kumtoa samaki magamba. Maneno jirani ndiyo yanayoamua. Kimandarini, yaani Kichina sanifu, hufanya hivyo hivyo, ila kwa wingi zaidi: silabi zake ni kama 400 tu, na ukihesabu toni (kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana), kama 1,300.

Tenganisha makundi mawili. Kuna maneno yanayofanana kwenye sikio letu tu: mǎi ni kununua, mài kuuza, tāng supu, táng sukari, wèn kuuliza, wěn kubusu. Kwa Mchina hayakaribiani kabisa. Kisha kuna yanayofanana kweli, toni na yote: shì ni kitenzi "ni", ni jambo, ni mji, ni kujaribu, ni chumba, kila moja na herufi yake ya Kichina.

Kundi la kwanza dawa yake ni sauti. Toni ya kwanza hukaa juu bila kuyumba, ya pili hupanda, ya tatu huzama chini, ya nne huanguka ghafla. Kinachotuponza hasa ni swali. Sisi huuliza "Unauza?" kwa kupandisha sauti tu, lakini mài ukiipandisha imekuwa mái, kuzika. Acha toni ilivyo, ongeza silabi ya kuulizia, ma nyepesi, mwishoni: Nǐ mài ma? Jua pia kwamba toni mbili za tatu zikifuatana, ya mbele hugeuka ya pili. Ndiyo maana mǎi mǎ, nunua farasi, husikika sawa na mái mǎ, zika farasi.

Kundi la pili usilikariri kwa silabi moja moja. Kadi ya kujifunzia iliyoandikwa shì peke yake itupe. Andika neno zima: shìqing jambo, chéngshì mji, kǎoshì mtihani, jiàoshì darasa, weka alama za toni, herufi zake, na sentensi moja fupi. Kwenye simu nako, unapoandika matamshi kwa herufi za Kilatini, andika sentensi nzima ndipo uchague herufi za Kichina, kwa sababu "jiaoshi" bila toni huleta darasa na pia jiàoshī, mwalimu.

Majina huwatatiza hata Wachina wenyewe. Anayeitwa Zhāng huulizwa ni gōng cháng Zhāng (herufi iliyoundwa kwa "upinde" na "refu") au lì zǎo Zhāng ("simama" na "mapema"). Nawe uliza: nǎ ge zì, herufi ipi?

Sokoni, angalia sì (4) na shí (10), kwani shísì ni 14 na sìshí ni 40. Wasemaji wengi wa kusini hutamka sh kama s, kwa hiyo shika toni: 4 huanguka, 10 hupanda. Ukiwa bado na shaka, onyesha kwa mkono: vidole vinne, au vidole vya shahada viwili vilivyopishana kwa 10. Na ukitaja namba ya simu, 1 iite yāo, maana yī husikika kama qī, yaani 7.