Kwangu ni 2013/14, mwaka Mbeya tulipopata timu yetu

Swali la wiki hii mmeuliza msimu gani wa Ligi Kuu Bara mtu hatausahau na kwa nini. Najua wengi watataja ile misimu ya Simba kuchukua mfululizo au Yanga ya yule mshambuliaji Mayele, sawa, lakini mimi ni mtu wa Mbeya na jibu langu ni moja tu, 2013/14.

Kwanza niwape haki yao Azam. Walichukua ubingwa bila kufungwa hata mechi moja, mechi 26, wameshinda 18 na sare 8, pointi 62. Tangu Mtibwa Sugar wabebe 1999 na 2000 hakuna timu nje ya Simba na Yanga iliyokuwa imegusa kombe, kwa hiyo lilikuwa jambo kubwa sana. Halafu kuna ile Simba na Yanga ya Oktoba, Yanga wanaenda mapumziko wakiwa mbele 3-0 na mechi inaisha 3-3, hiyo hata asiyependa mpira aliisikia.

Lakini mimi nawazungumzia Mbeya City. Ndo walikuwa wamepanda daraja, timu ya halmashauri ya jiji, kocha Juma Mwambusi, wachezaji ambao nje ya Mbeya karibu hakuna aliyekuwa anawajua. Mechi za mwanzo tu wakatoa sare na Yanga hapo kwetu Uwanja wa Sokoine, wiki iliyofuata wakaenda Dar wakatoa sare ya 2-2 na Simba Uwanja wa Taifa, watu tukaanza kuulizana hivi hawa vijana wako siriasi? Mzunguko wa kwanza wote ukaisha hawajafungwa, na kule Chamazi walitoka 3-3 na Azam hao hao waliokuja kuwa mabingwa, ile mechi tuliisikilizia kwenye redio ya dukani Mwanjelwa tumejazana mpaka mwenye duka akaacha kuuza.

Kitu ambacho mtu wa Dar inaweza kumwia vigumu kukielewa ni kwamba sisi wa mikoani tulizaliwa tukakuta nyumba zimeshagawanyika, huyu Simba yule Yanga, timu za mjini kwetu tunazipenda ndiyo, Prisons tulikuwa nayo miaka yote na tunaiheshimu, ila Yanga akija Sokoine nusu ya uwanja inakuwa yake na watu hao wametokea Uyole na Ilomba, sio Jangwani, makao ya Yanga kule Dar. Baba yangu ni Yanga tangu ujana wake, redio yake ilikuwa na stika ya kijani na njano. Mwaka ule siku moja akarudi nyumbani na shati la zambarau, rangi ya City, kashonesha kwa fundi, hakusema kitu, kalitundika msumarini pale sebuleni karibu na kalenda. Mama akamwuliza hili la nini, akajibu "la Jumamosi". Jumamosi tukaenda wote uwanjani, nilimwona anasimama City ikipata kona, kona tu jamani, mzee ambaye nyumbani hata goli la Yanga alikuwa analishangilia akiwa amekaa.

Barabara ya kwenda Sokoine siku za mechi ilikuwa zambarau tupu, wamama wa sokoni wamefunga vitambaa kichwani, makondakta wa daladala, wanafunzi, bodaboda wamefunga bendera nyuma. Mpaka leo sijaona tena Mbeya watu wakivaa rangi moja namna ile.

Aprili 13, 2014 Azam wakaja kwetu. Wakishinda ni mabingwa. Tulijaa mpaka hakuna pa kuweka mguu, na wakatufunga 2-1, ubingwa wakauchukulia mbele ya macho yetu. Iliniuma, nisiseme uongo, ila watu hawakukimbilia mageti, tulibaki tunawapigia makofi vijana wetu. Tulimaliza ligi nafasi ya tatu, pointi 49, tumefungwa mechi tatu tu msimu mzima, na Simba alikuwa wa nne chini yetu kwa pointi 38. Timu ngeni hiyo! Nadhani bado hawajapewa sifa wanazostahili, kila msimu ule ukitajwa wanaongelewa Azam peke yao.

Baadae mambo yakawa magumu, wachezaji wakachukuliwa mmoja mmoja, Mwambusi naye akaenda Yanga, na 2023 City ikashuka daraja kabisa.

Siku ile ya Azam tulirudi na mzee kwa miguu mpaka Mwanjelwa, njia nzima kimya, kashika viatu mkononi kwa sababu ya tope. Tulipofika kwenye kona ya nyumbani ndo akaniuliza, "We baba, timu yetu inacheza lini tena?" Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema timu yetu na asimaanishe Yanga.