Duka la wanyama haliruhusiwi kukuuzia mtoto wa mbwa Uingereza

Kama unajiuliza iwapo duka la wanyama linaweza kukuuzia mtoto wa mbwa, hapana ndugu, kwa England duka haliruhusiwi tena, na dalali wa mtandaoni pia haruhusiwi. Tangu Aprili 2020, mtoto wa mbwa au paka wa chini ya miezi 6 anauzwa na mfugaji aliyemzalisha mwenyewe, au unamchukua kwenye kituo cha kuokoa wanyama. Watu wanaiita sheria ya Lucy, jina la mbwa jike aliyeokolewa Wales akiwa amechakazwa kwa kuzalishwa mfululizo. Wales na Scotland zilifuata mwaka 2021.

Nafanya kazi kliniki ya mifugo huku, kwa hiyo nayaona kila wiki. Anayezalisha mizao 3 ya mbwa au zaidi kwa mwaka na kuuza lazima awe na leseni ya halmashauri, na namba yake iwe kwenye tangazo. Mtoto awe ametimiza wiki 8, ana chipu ya utambulisho chini ya ngozi, na umwone akiwa na mama yake pale alipozaliwa. Mama umwangalie vizuri: chuchu ziwe zimevutika kwa kunyonyesha, na watoto wamkimbilie. Matapeli huleta jike lolote tu.

Ukimnunua kwa mfugaji anayefanya biashara kisha ukagundua alikuwa mgonjwa tangu siku ya kuuzwa, sheria ya haki za walaji (wanunuzi) ya 2015 inakupa siku 30 za kumrudisha na kudai hela yako yote. Kwa mtu binafsi asiyefanya biashara kinga hiyo haipo, kwa hiyo tunza tangazo, jumbe na risiti.