Bogenvilia imejaa majani tu, maua hamna

Swali: Habari fundi. Nipo Tabata, nilipanda bogenvilia ya pinki pembeni ya geti, huu mwaka wa pili. Imepanda mpaka juu ya ukuta, majani ya kijani yamejaa ila maua hamna, yakitokea ni mawili matatu, na wakati nainunua ilikuwa imechanua balaa. Namwagilia kila jioni, kila mwezi naiwekea mbolea ya kuku, na kijana wa nyumbani anaipunguza kila wiki isizibe njia. Au niliuziwa dume?

Jibu: Hapana dada, bogenvilia haina mambo ya dume na jike kama mipapai. Unaidekeza tu. Maji kila siku, juu yake mbolea ya kuku ambayo naitrojeni yake ni nyingi, hapo mmea lazima utoe majani na matawi marefu, maua itoe ya nini wakati haijabanwa na kitu? Kwa muuzaji ilikuwa kwenye kiriba kidogo, mizizi haina pa kwenda, maji ya kubahatisha, ndo maana uliikuta imechanua vile.

Anza na maji. Acha kumwagilia mpaka uone majani ya ncha yanalegea kidogo mchana, kulegea sio kukauka, ndo umwage ndoo nzima taratibu pale kwenye shina maji yashuke chini, halafu unaiacha tena. Chimbua na kidole, kama sentimita 5 chini bado kuna unyevu usiiguse. Mimi sipendi kumpa mtu ratiba ya siku kwa sababu mchanga wa Kigamboni unakauka haraka na mfinyanzi unashika maji muda mrefu, angalia mmea wenyewe. Masika hapa Dar, Machi mpaka Mei, majani yatajaa tu mvua huwezi kuizuia, usiwe na presha, Juni ikianza kukauka ndo uibane kwelikweli.

Sasa huyo kijana na mkasi wake. Maua yanatoka kwenye matawi mapya, kuelekea ncha, sasa akikata ncha kila wiki anakata maua kabla hujayaona. Ikatwe mara moja ikimaliza kuchanua, punguza kama theluthi ya urefu, halafu muiache mwezi mmoja na nusu au zaidi. Yale yanayoziba geti msikate, yafungeni na waya yalale ubavuni mwa ukuta, tawi likilazwa linachipua pembeni na unapata sehemu nyingi za maua. Avae glavu ngumu, ile miba haina utani.

Mbolea ya kuku simamisha. Baadaye ukitaka kuweka kitu chukua NPK, ile mbolea ya dukani yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu, soma zile namba tatu kwenye mfuko, ya kwanza ni naitrojeni, isiwe ndo kubwa. Urea na CAN, hizo ni mbolea za naitrojeni, achana nazo kabisa.

Hujasema kuhusu jua. Inataka masaa 6 ya jua kali kila siku, kama mwembe wa jirani unaifunika haya yote ni kazi bure. Ila usiing'oe kuihamisha, mizizi yake inakatika kirahisi na mmea mkubwa hivyo unaweza kufa, ni bora uongee na jirani apunguze matawi, au ukate vipandikizi vya unene wa penseli, sentimita 15 hadi 20, uvioteshe kwenye viriba uje kupanda upande wenye jua.