Maswali ya Wasomaji: Nani Atalizuia Tingatinga?

SWALI: Shikamoo mzee. Duka la marehemu babu lipo katikati ya mji wa Moshi, na mwaka wa ujenzi umechorwa kwa saruji juu ya mlango. Majirani wanabomoa, wanapandisha maghorofa. Nasikia miji ya Marekani ina kamisheni za kulinda mitaa ya zamani. Zinafanyaje kazi? Na mwenye nyumba hafungwi mikono? – Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimechora ramani za nyumba Arusha na Moshi maisha yangu yote ya kazi, na natamani wenye nyumba wengi wangeuliza hivi mapema.

Kamisheni hizo ni vyombo vya miji yenyewe. Mji wa Charleston ulianza mwaka 1931: ukatenga mitaa yake ya kale na kuunda bodi ya kupitia michoro. Kwa kawaida nyumba hukaguliwa moja moja na kuorodheshwa, wenyewe wakasikilizwa hadharani, ndipo mtaa ukatangazwa. Tangu hapo anayetaka kubomoa au kubadili sura ya nje lazima apate kwanza cheti cha kamisheni. Ndani mara nyingi ni kwako: jiko, choo, nyaya. Utauza, utapangisha, utarithisha. Unachopoteza ni uhuru wa kubomoa siku unayojisikia, na hilo wenye nyumba waambiwe waziwazi, la sivyo watagoma, na watakuwa na haki.

Orodha ndiyo roho ya kazi yote. Ikichelewa, jengo linakwenda: New York ilipata kamisheni yake mwaka 1965, wakati Penn, stesheni yake kubwa ya reli, ilishaanza kuvunjwa tangu 1963.

Huku Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, kwa hiyo maduka ya mjini kama la babu yako hayamo mpaka waziri ayatangaze. Zanzibar wana mamlaka ya Mji Mkongwe tangu 1985.

Msingoje. Pigeni picha kila jengo la mtaa wenu, tafuteni hati na michoro ya zamani, mkae na majirani, kisha mpelekeeni diwani orodha hiyo. Ombeni kila maombi ya kubomoa yabandikwe wazi kabla kibali hakijatoka. Afisa mipango miji hawezi kutetea nyumba asiyoijua.

Na bati la babu kama limetoboka, lizibwe kabla ya masika. Ukuta ukishalowa na kupasuka, jengo litaitwa hatari, na hapo kulitetea ni kazi ngumu mno.