Bafa ya transista moja kwa gitaa la umeme

Gitaa lako linapoteza ukali kwenye kebo ndefu kwa sababu pikapu (koili inayonasa mtetemo wa nyuzi) na potenshiometa ya volyumu vina ukinzani mkubwa, na kila mita ya kebo inaongeza takriban pikofaradi 100 za kapasitansi, ambazo humeza sauti za juu. Bafa ya transista moja, yaani sakiti ndogo inayopokea ishara na kuitoa ileile kwa ukinzani mdogo, inatosha, mradi uiweke kabla ya kebo hiyo ndefu, si mwishoni.

Tumia transista ya 2N5088 au BC549C; miguu yake mitatu ni kolekta (C), besi (B) na emita (E). Kolekta iende moja kwa moja kwenye volti 9. Emita ishuke hasi kupitia rezista ya 10k (k ni kiloomu, M ni megaomu). Gawa volti 9 kwa rezista mbili za 100k zilizofuatana kutoka chanya hadi hasi, katikati weka kapasita ya maikrofaradi 10 kwenda hasi, kisha kutoka hapo 1M hadi besi. Ishara iingie besi kupitia nanofaradi 22, itoke emita kupitia maikrofaradi 1, upande chanya ukitazama emita. Baada yake weka 100k kwenda hasi, la sivyo utasikia "pwaa" kila ukibonyeza swichi.

Pima emita: volti 3 hadi 3.5 ni sawa. Ukikuta karibu sifuri au 9, kagua miguu kwanza. 2N5088 na BC549 zimepangwa kinyume (E-B-C na C-B-E), na hapo ndipo wengi hukwama. 2N3904 itafanya kazi, ila ukinzani wa kuingilia unashuka hadi kama 600k.

Pedali ya fazi (fuzz, ya kukwaruza sauti) ya kizamani ya transista mbili iwekwe kabla ya bafa. Inataka kuiona pikapu yenyewe, yaani iunganishwe nayo moja kwa moja.