Programu ya 3D kwenye tableti: angalia kwanza faili linalotoka

Mkuu mleta mada, umesema una tableti na kalamu yake, unataka kudizaini vipuri vidogo vya kuprinti na ukipata nafasi uchonge na vinyago, afu unauliza ulipie programu ipi moja. Mi hizi kazi nazifanya kwenye tableti muda mrefu sasa na nakwambia ukweli, hizo ni kazi mbili tofauti, moja haitakutosha, kwaiyo usitoe hela kabla hujajua mwisho wa siku unataka faili gani.

Kwenye vinyago sina maneno mengi, chukua Nomad Sculpt. Ipo iPad na Android, unalipa mara moja basi, unavuta na kusukuma umbo kwa kalamu kama mfinyanzi na udongo wake. Ila ukishafika mamilioni ya pembetatu (vile vipande vidogo vinavyounda ngozi ya umbo) RAM ndo inaamua, tableti dhaifu itaanza kukwamakwama. Na usiibebeshe kazi ya vipimo, utachoka bure.

Vipuri ndo penye mjadala. Hapo unahitaji programu inayojua kwamba tundu ni tundu, lina kipenyo, sio rundo la pembetatu. Shapr3D ni ya aina hiyo, injini yake (sehemu inayokokotoa maumbo) ni Parasolid ya Siemens, hiyohiyo iliyoko ndani ya SolidWorks, programu kubwa ya wahandisi ya kwenye kompyuta. Juzi nimeprinti kishikio, tundu la bolti likatoka limebana (plastiki hiyo, kawaida yake), nikarudi kwenye tableti nikagusa ukuta wa ndani wa tundu, nikabadili kipenyo kutoka milimita 5 kwenda 5.3, nikaprinti tena bolti ikapita. Sikuchora chochote upya. Shida yake Android haipo, na toleo la bure linakubana idadi ya miradi na ubora wa faili unalotoa.

Kama tableti yako ni Android nenda Onshape, nayo ni ya vipimo, na ilianzishwa na baadhi ya walewale walioanzisha SolidWorks. Bure ipo na ni programu kamili kabisa, lakini soma masharti: mradi wa bure unaonekana na kila mtu na hutakiwi kuutumia kibiashara. Afu kila kitu kiko kwenye seva zao, intaneti ikikata na we umekata. Vitufe navyo kwenye skrini ndogo vinatesa macho, mi naona inataka tableti kubwa kidogo.

Sasa hilo suala la faili. Printa ya 3D inaridhika na STL, ambayo ni ganda la pembetatu tu, hata kama kipimo chake ni milimita au inchi haijaandikwa humo. Ila siku ukipeleka kazi kwa fundi wa CNC (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta) atakuomba STEP, faili linalobeba umbo lenyewe na vipimo vyake, na ukimpa STL atakurudishia. Kwaiyo kwenye muda wa majaribio chora kimchemraba cha milimita 20 chenye tundu, kitoe kama STEP, kifungue kwenye programu nyingine upime. Kama STEP iko nyuma ya malipo utaijua hapohapo, mapema.

Hujasema tableti yako ni iPad au Android na RAM ngapi, weka hapa tukushauri vizuri.